Mshenga Hufika Kabla ya Saa Tatu

Nyanya huwa ghali pale ambapo ni taabu kuzilima. Kulijua hilo hakuhitaji uchumi wa chuo. Masika yakishika Morogoro, fungu la nyanya sokoni linapungua kutoka tano kuwa nne, nne kuwa tatu, hadi unamwangalia muuzaji usoni uone kama anatania. Hapo ndipo kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba anapoapa kwamba mwaka huu atalima zake. Na anapanda kweli. Mvua inanyesha usiku, asubuhi jua linatoka kali, majani ya chini yanaota mabaka ya kahawia, bakajani inapanda juu kwa kasi, na kabla mwezi haujaisha bustani imebaki miti mitupu iliyosimikwa kuegeshea mimea ambayo haipo. Ikifika Agosti, nyanya za Mgeta na Ilula zimefurika sokoni, tenga linauzwa kwa bei ya kumliza mkulima, na yule aliyeapa hana hata mche mmoja.

Mtaani kwetu Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, nimeuona mchezo huu tangu utoto. Bustani ya nyumbani haifuati kalenda ya soko, na ukiilazimisha ifuate utaumia wewe. Mnyanya unapenda ukavu na ubaridi wa wastani. Mbegu ziwe kitaluni Mei, masika yanapoaga. Miche ihamishwe Juni. Uchume Agosti na Septemba. Ukisogeza mpaka Januari, joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi na usiku nao ukakataa kupoa, chavua haifanyi kazi yake, maua yanapukutika, na unabaki unamwagilia mti wa majani mazuri. Kwa hiyo bustani inakujaza nyanya wakati uleule ambapo hata kuzinunua ni rahisi. Anayeingia kwenye kazi hii ili aokoe hela ya mboga aijue hesabu hiyo mapema. Mimi sikuingia kwa hesabu. Nilirithi.

Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Morogoro ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa mji wa viwanda, na king'ora cha zamu ndicho kilichokuwa saa yetu. Lakini ilikuwa pia enzi ya jembe. Mwaka 1972, huko Iringa, chama cha TANU kilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Miaka miwili baadaye ukame ukabana, nafaka ikaagizwa kutoka nje, ikaja kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Makarani na wahasibu walijikuta wameshika mpini. Kwa wengi ile ilikuwa amri, ikapita kama amri zinavyopita. Kwa mama ilibaki, na si kwa itikadi. Miaka ya 1980 rafu za maduka zilikuwa tupu, sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, mshahara uliisha mwezi haujafika nusu, na bustani ndiyo iliyoamua usiku huo tule nini.

Alipanda mchicha, bamia, ngogwe, matembele. Lakini vitu viwili alivipangia mahali kwa makusudi. Minyanya ilizunguka katika matuta ya karibu na jiko, mwaka huu tuta hili, mwaka ujao lile, ila haikutoka upeo wa macho yake. Maboga aliyatupa mbali kabisa, ukingoni, kwenye shimo la zamani la takataka ambako majivu na maganda yalikuwa yameoza yakawa udongo mweusi. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kugeuka: "Mwanangu, nyanya usipoiangalia siku mbili inakuudhi. Boga ukiliangalia sana linakuudhi."

Kila asubuhi kabla ya zamu aliingia katikati ya minyanya na kikombe cha chai ya rangi. Mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine unageuza majani. Hapalilii, hamwagilii, anapita tu taratibu na kusimama hapa na pale. Sisi watoto, tuliokuwa tukibeba ndoo kutoka bombani, tuliamini yale ndiyo mapumziko yake, na tulimwonea kijicho. Leo najua kwamba ile ndiyo iliyokuwa kazi, na ndoo zetu zilikuwa nyongeza. Kwa kupita vile alikiona kichipukizi kinachoota kwapani mwa jani kikiwa bado cha kukatwa kwa kucha. Aliliona tawi lililozidiwa na mzigo kabla halijavunjika, akalifunga kwenye mti wake kwa kamba ya mgomba, legelege, ili shina lipate nafasi ya kunenepa. Aliliona jani la chini linalogusa udongo, akaling'oa.

Hilo jani la chini ndilo nililochelewa kulielewa. Vimelea vingi vya magonjwa ya mnyanya hujificha udongoni na kwenye masalia ya mimea ya msimu uliopita. Tone la mvua likigonga ardhi tupu linarusha matope juu ya jani lililo karibu, na ugonjwa unapanda nayo ngazi kwa ngazi. Mama hakuwa na maneno hayo, lakini minyanya yake ilikuwa uchi kuanzia ardhini hadi magotini, chini pametandazwa nyasi kavu, na maji yalimwagwa shinani, asubuhi, kamwe si juu ya majani na kamwe si jioni. Mtoto aliyemwagilia jioni kwa uvivu wa kuamka alijulikana kesho yake.

Mbegu alizitoa mwenyewe. Enzi zile watu walipanda Manimeka na Marglobe, aina ambazo ukizirudia mwaka unaofuata unapata kilekile. Hakuchagua tunda kubwa, alichagua tunda la mche ambao haukuumwa. Alilikamua kwenye kikombe, akauacha ule uterezi siku mbili tatu mpaka ufanye utando na harufu ya kuchacha, akaosha, akaanika kwenye sahani ya bati kivulini. Leo mbegu nyingi za dukani ni chotara. Zinazaa sana, nazipanda na sizisemi vibaya, ila ukitunza mbegu zake mwaka unaofuata watoto wanatoka kila mmoja na sura yake. Kwa hiyo ninatenga pembe ya Tengeru 97, aina iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, ambayo inavumilia minyoo fundo na ambayo mbegu zake nazirudia bila wasiwasi.

Sababu ya mnyanya kurudia sura yake ni kwamba ua lake lina kila kitu ndani, dume na jike, na chavua huanguka hapohapo ua linapotikiswa na upepo au na mdudu. Mnyanya unajioza. Boga haliwezi. Boga lazima lipate mshenga, na mshenga mwenyewe ni nyuki.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Shina moja la boga hutoa maua ya aina mbili. Dume husimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, ndani ana ncha moja yenye unga wa njano. Jike hukaa karibu na shina, na chini ya petali zake ana kiboga kidogo tayari, cha ukubwa wa gololi, kinachosubiri kujua kama kitaishi. Madume hutangulia, wakati mwingine kwa wiki nzima au mbili, na ni mengi kuliko majike. Mgeni wa kazi hii huyaona maua ya njano yametapakaa, anafurahi, anawaita majirani, kisha anayaona yote yanaanguka bila kuacha kitu. Anakata tamaa na kung'oa. Ukipenda boga, penda na ua lake, walisema wahenga. Nadhani aliyesema hivyo hakuwahi kukaa chini akayatenganisha, maana sehemu kubwa ya maua hayo hayajawahi kuwa na nia ya kuzaa boga.

Ua la boga huishi asubuhi moja tu. Linafunguka alfajiri, saa tatu tayari limeanza kulegea, na jua likipanda limejifunga na halifunguki tena. Katika muda huo nyuki lazima apite kwenye dume, aingie kwa jike, na si mara moja, maana chavua kidogo huzaa boga lililopinda au lisilokua. Asipokuja, kile kiboga kinageuka njano kuanzia nchani, kinalainika, kinaoza na kudondoka baada ya siku chache. Sura yake ni ya ugonjwa kabisa. Ndiyo maana watu hukimbilia dawa.

Kuna msimu ambao viboga vyetu vyote vilikuwa vinaoza hivyo, vyangu na vya wenzangu wa mtaa ule. Habari ikaenea kwamba kuna ukungu mpya. Mmoja alinunua unga wa kupuliza, mwingine akasema ni mbolea ya kuku imechoma, mwingine akamtaja mtu. Aliyetoa jibu ni bibi mmoja wa Mgeta aliyekuwa akishuka na karoti na njegere, akipita nyumba kwa nyumba kabla ya kumalizia mzigo sokoni. Wanawake wa Mgeta hulima kwenye ngazi zilizochongwa katika miteremko ambayo mimi kuipanda tu mikono mitupu ni kazi, na katika ukoo wa Kiluguru, ambao hufuata upande wa mama, shamba na mbegu ni mambo wanayoyasemea kwa kauli yao. Niliwahi kumwonyesha mgomba wangu akaucheka. Siku hiyo hakucheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya maboga yako, nyuki wako wapi?"

Nikamwambia nyuki wapo, si bustani? Akaniambia nisimjibu sasa, nimjibu kesho baada ya kusimama pale saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Nikasimama. Maua yalikuwa wazi, yanang'aa, na hapakuwa na mvumo wowote. Kilichosikika ni pampu ya jirani ng'ambo ya ua wa michongoma, ikipuliza dawa kwenye minyanya yake, kama ilivyofanya kila baada ya siku chache, saa hiyohiyo ya ubaridi ambayo ndiyo saa ya nyuki.

Nilikwenda kumwona jirani huyo jioni. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji, tukaulizana habari za watoto, kisha nikafika kwenye shauri.

"Mwalimu," akasema, "mimi napuliza nyanya zangu. Maboga yako sijayagusa."

"Ni kweli, baba. Lakini nyuki hawaujui mpaka wetu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya nisiondoke na ushindi: "Na kanitangaze naye anaujua?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kanitangaze ni jina ambalo wakulima wa Tanzania walimpa nondo mdogo wa kijivu, asiyefika hata sentimita moja kwa urefu, ambaye aliripotiwa nchini mwaka 2014 na tangu hapo kulima nyanya hakukurudi kuwa kulekule. Wanasayansi wamezoea kumwita Tuta absoluta. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Kiwavi akiangua hatembei juu ya jani kama viwavi wengine tuliowazoea. Anaingia kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama ya katikati, na unachokiona wewe ni mabaka meupe yaliyokauka. Akimaliza jani anahamia kwenye shina au kwenye tunda. Akiwa ndani humo dawa nyingi za kupuliza hupita juu yake bila kumgusa, na zile zinazomfikia anazizoea upesi, kwa kuwa wakati wa joto kizazi kimoja huchukua wiki tatu hadi nne tu. Jirani yangu alikuwa amepoteza nyanya zote za msimu mmoja mbele ya macho yake. Mtu aliyepatwa na hilo akishika pampu, humwambii habari za nyuki akakuelewa kwa neno la kwanza.

Huwa nafikiria njia ambayo nondo huyu alipita. Boga lilianza kulimwa Meksiko. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca, zimekutwa mbegu za maboga ya kupandwa zenye umri wa takriban miaka 10,000. Nyanya chimbuko lake ni nyanya pori za Amerika ya Kusini, upande wa Peru na Ekwado, na huko Meksiko ndiko zilikolimwa zikawa kubwa. Zote mbili zilivuka bahari baada ya safari za Columbus, zikafika kwetu, zikapata majina, zikawa chakula cha bibi. Adui wa nyanya alibaki nyuma huko Amerika ya Kusini kwa karne tano. Mwaka 2006 akaonekana Hispania, akaizunguka Mediterania, akashuka Afrika, na miaka minane tu baadaye alikuwa Arusha. Kumbe kile kilichoifanya nyanya iwe rahisi kwetu enzi zote zile kilikuwa umbali.

Tulikubaliana na jirani mambo mawili, na si kwa urafiki bali kwa kuwa kila mmoja alichoka. Yeye akahamishia pampu jioni, baada ya maua ya maboga kufunga na nyuki kurudi mzingani. Mimi nikamsaidia kazi ya mikono asubuhi. Maana hapa mwenye bustani ndogo ana nguvu ambayo mwenye ekari mbili hana: minyanya kumi na tano unaweza kuipitia jani kwa jani. Jani lenye baka jeupe unalichuma, unalitia kwenye mfuko mweusi wa taka, unaufunga na kuuacha juani mpaka vilivyomo vife. Ukilitupa chini tu, kiwavi anatoka anaendelea na safari. Usiku unaweka beseni la maji yenye sabuni chini ya taa, na asubuhi unawakuta nondo wakielea. Hawaishi, hawaondoki kabisa, lakini wanabaki wachache kiasi cha wewe kuvuna. Mkulima wa Ilula mwenye maelfu ya miche nikimwambia afanye hivi atanicheka, na atakuwa sahihi. Kwake njia ni mitego ya harufu, kupumzisha shamba, kuchoma masalia, kubadilisha dawa kwa utaratibu. Mengi yanayosemwa kuhusu bustani huharibika kwa sababu ushauri wa shamba unaletwa uani, au wa uani unapelekwa shambani.

Nyuki hawakurudi siku ile. Ilibidi tuwe washenga wenyewe. Kazi yenyewe ni rahisi, ila haitaki mtu wa kulala. Unachuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyohiyo, unabandua petali zake zote, unabaki na kile kikonyo chenye unga nchani. Unamtafuta jike aliye wazi, unampakaza katikati taratibu, pande zote. Dume mmoja anatosha majike wawili watatu. Wajukuu wa jirani waliipenda kazi hii kupita zote, hasa baada ya kugundua kwamba inawapa ruhusa ya kuniuliza maswali ambayo wazazi wao hawayajibu.

Madume yaliyobaki hayaendi bure. Msusa, yaani majani machanga ya boga, unauchuma na vikonyo vyake, unavuta zile nyuzi za juu mpaka ziishe, unakatakata pamoja na maua dume, unachemsha kidogo, kisha unaunga kwa kitunguu na nyanya zilizoiva hadi kupasuka, mwisho tui zito au karanga za kusaga. Na ugali. Sijui chakula kingine ambacho mimea yangu miwili inakutana namna hiyo. Ila mkono uwe na kiasi: ncha ya mtambao ukiikata kidogo inatoa matawi ya pembeni, ukiifuata kila siku kwa ajili ya msusa usilie baadaye kwamba hujaona boga. Kuna nyumba zinazotaka majani na nyumba zinazotaka boga, na ni vizuri kuamua mapema ya kwako ni ipi. Dada yangu wa Dar es Salaam, anayepanda kwenye viroba vya mchele barazani Tabata, alichagua majani, na hana ugomvi na nyuki wala na mtu.

Tatizo jingine linalouza dawa bila sababu ni kuoza kitako. Nyanya inaanza kubadilika rangi, unaigeuza, chini ina duara jeusi lililobonyea, kavu. Nimesimama katika duka la pembejeo nikamwona mama mmoja akiitoa nyanya kama hiyo kwenye pochi, na kijana wa duka, bila hata kuishika, akamwekea mezani chupa ya dawa ya ukungu. Kitako hicho hakina ukungu wala mdudu. Tunda limekosa kalisi wakati linakua, na mara nyingi kalisi imo udongoni tele. Kilichokosekana ni maji ya kuifikisha. Kalisi husafiri na maji ndani ya mmea. Ukiacha udongo ukauke ukapasuka, halafu ukaufurisha, halafu ukauacha tena, mmea hupata chakula kwa mshtuko, na ncha ya tunda ndiyo ya mwisho kufikiwa. Mwaka ambao maji ya bomba yalikuwa ya mgao, mtaa mzima ulikuwa na nyanya zenye vitako vyeusi, na mtaa mzima ulikuwa unapuliza. Wapo pia wanaofukia maganda ya mayai. Hayadhuru, lakini huchukua muda mrefu kuoza kiasi cha kufaa, na msimu hausubiri. Kilichofaa kwetu ni chupa za maji za lita moja na nusu, zimekatwa kitako, kizibo kimetobolewa kwa sindano ya moto, zimefukiwa kichwa chini kando ya kila mche. Ukizijaza asubuhi, zinatoa tone kwa tone. Na nyasi kavu juu ya udongo, ile ya mama.

Upo lakini ugonjwa ambao jicho peke yake haliwezi kuusoma, nao ni mnyauko. Mche wa kijani kabisa, umebeba matunda, mchana umelala. Unadhani kiu. Unamwagilia, jioni unainuka kidogo, kesho unalala zaidi, keshokutwa umekufa ukiwa bado kijani. Bibi wa Mgeta alinionyesha jinsi ya kuuliza swali hili: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, ni bakteria, na hakuna dawa ya duka lolote. Unang'oa na mizizi yake, unachoma, na mahali pale husogezi tena nyanya, bilinganya, pilipili, ngogwe wala viazi mviringo kwa miaka, maana hao wote ni ndugu na mgonjwa mmoja anawaambukiza wote. Hata jembe unalisafisha kabla ya kuhamia tuta jingine. Huko Taiwan, kwenye makao makuu ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho kina tawi Arusha tangu miaka ya 1990, walipata njia ya kuunganisha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili bakteria huyo. Bigwa sisi tunahama tu. Na mahali pa kuhamishia boga ni hapohapo palipokufa nyanya, kwa kuwa boga si wa ukoo ule. Ndivyo yale maboga ya mama ya ukingoni yalivyosogea hatua kwa hatua hadi karibu na jiko, jambo ambalo yeye asingelikubali.

Boga lililoshika halihitaji tena mtu, isipokuwa kulindwa na inzi wa matunda wanaolidunga likiwa changa na kutaga ndani. Ninalivika mfuko wa karatasi ya khaki hadi ngozi ikaze, basi. Jirani yangu, ambaye siku hizi amekuwa mkali kuliko mimi kuhusu nyuki, husimama kwenye michongoma na kuniuliza mbona siyamwagilii, mbona siyageuzi. Namjibu kwa maneno ya mama. Linapoiva kikonyo chake kinakauka na kuwa mti, ukucha hauingii kwenye ganda, na ukilikata ukaliacha na kipande cha kikonyo hicho linakaa stoo kwa miezi, mpaka yale masika ambayo nyanya hazishikiki kwa bei.

Ni mbegu zake ndizo zinazoniletea maneno. Juzi binti mmoja aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuja kuomba za kupanda. Alikuwa amelila boga langu msibani, limechemshwa tu na chumvi kidogo, akataka lilelile. Nikamfungulia mkebe, nikamchagulia zilizojaa, nikamwambia ukweli kwamba mwaka uliopita upande wa pili wa ua palikuwa na maboga ya namna nyingine, yale marefu ya maji, na nyuki walikuwa wengi.

"Kwa hiyo, mama, yatakuwa matamu kama lile?"

"Mama yao namjua," nikamwambia, "ni yule uliyemla. Baba sina hakika."

Akacheka, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akasema kwao Kilosa wanaoa hata hivyo.